Hodi, Hamsa wa Ishirini

Alizaliwa lini na wapi sijui, wala sina haja ya kujua. Siku moja mwenzetu mmoja alijitia ushujaa akamuuliza umri wake, akajibiwa, "Swali hilo halimo katika mtihani." Basi na mimi sitalitia humu. Sisi tulimwita Mwalimu wa Hesabu akiwapo. Asipokuwapo tulimwita vingine, na kwa kuwa huenda haya yakasomwa na walimu, tusonge mbele.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana kiasi, wa buibui lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Chini yake alivaa viatu vya kiume, vya ngozi, vya kamba, kwa sababu viatu vya kike, alisema, vimetengenezwa na mtu asiyejua jometri. Ukivisikia ngazini, ko, ko, ko, ulipata nafasi ya kufunga mdomo, kufungua kitabu na kuvaa uso wa mtu aliyekuwa akifikiri tangu alfajiri. Mimi uso huo sikujaliwa. Ndiyo maana aliniita Chiriku, na jina likanifuata mpaka nyumbani, hata mamangu sasa hulitumia akitaka nikaoshe vyombo.

Kitu cha kwanza cha kujua juu yake ni salamu. Mtu hakumwambia neno kabla salamu hazijesha, na salamu zake hazikuwa za kuisha upesi. Msichana mmoja wa kidato cha pili alimjia mbio asubuhi moja, anahema kama mbuzi wa kafara.

"Mwalimu, maabara inatoa moshi!"

"Sabalkheri."

"Sabalkheri, Mwalimu, maabara—"

"Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Mwalimu, maabara inaungua!"

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo!"

"Bibi yako mguu umepoa?"

"Umepoa, Mwalimu!"

"Alhamdulillahi. Haya, maabara ina nini?"

Walipofika huko, moto ulikuwa umechoka kungoja ukazimika wenyewe. Ni kitambaa tu kilichosahauliwa karibu na jiko la gesi. Mwalimu alikitazama, akakigusa kwa ncha ya kiatu, akasema, "Waona? Haraka ingetufaa nini?"

Chumba cha kompyuta kilikuwa chake. Simaanishi kwamba shule ilimpa, maana shule haikuwa na namna ya kutompa. Zilipoletwa zile kompyuta, kuukuu, za msaada, zina rangi ya meno ya mvuta tumbaku, walimu wote walizizunguka kwa mbali kama watu waliokuta pweza jikoni. Yeye ndiye aliyekaa, akavuta kiti, akasoma kitabu chake cha maelezo ukurasa baada ya ukurasa, likizo nzima. Muhula ulipofunguliwa alikuwa ameziunga zote kwa waya, na ufunguo wa chumba uko shingoni mwake, ndani ya buibui, mahali ambapo hata Mwalimu Mkuu asingethubutu kuutafuta.

Kila asubuhi alifukiza ubani humo. Mwalimu wa Fizikia, kijana wa kutoka bara, alimwambia kwa upole kwamba moshi hudhuru mashine.

"Vumbi hudhuru mashine," akajibu. "Na kijicho hudhuru mashine. Vumbi nalipangusa kwa kitambaa. Kijicho, weye una dawa yake?"

Kijana akarudi kwenye Fizikia yake.

Alichukia vikokotoo kama watu wanavyochukia kunguni. Ukikutwa na kikokotoo alikitia kwenye debe la mwisho wa mwaka, ukikipata ushakuwa mtu wa kidato kingine. Lakini kompyuta, ambayo ni kikokotoo kilichonenepa, aliipapasa mgongoni akiizima, akaiambia, "Lala salama." Tulipomuuliza tofauti, alisema kikokotoo humfanya mtu mvivu, na kompyuta humfanya mtu mnyenyekevu, kwa sababu haikubali hata kosa la nukta.

Tena alipiga marufuku chakula ndani ya chumba kile. Bango lilikuwa mlangoni, kwa mwandiko wake: HAPANA KULA, HAPANA KUNYWA, HAPANA KUTAFUNA. Ila kwenye kompyuta yake mwenyewe kile kibonyezo kirefu cha chini kilikuwa chekundu, na herufi zilizo jirani zilikuwa za waridi. Sisi watoto wa Mombasa hatuhitaji polisi kutambua rangi ya mabuyu. Droo yake ilikuwa na kifuko kizima. Nilipomtajia jambo hilo, kwa heshima zote, aliifunga droo kwanza.

"Bango limesema hapana kutafuna," akasema. "Mabuyu hufyonzwa."

Sasa nije kwenye namba, maana bila namba huyu mtu hajulikani.

Darasani alifundisha kwa Kiingereza, kama mtaala unavyotaka, na Kiswahili chake cha kawaida kilikuwa kama cha watu wengine: ishirini na tano, thelathini na tatu. Lakini akighadhibika, au akiwa na jambo la haraka, alirudi bila kujijua kwenye hesabu ya wazee wa Mji wa Kale, ile ya kuanza na mamoja kisha makumi. Ishirini na moja ikawa wahid wa ishirini. Thelathini na tatu ikawa thalatha wa thalathini. Kumi na mbili ni thenashara, mia mbili ni miteni. Akirudisha karatasi za mtihani wakati amekasirika, wasichana wa kutoka bara walitutazama sisi wa pwani wajue kama wamefaulu, na sisi, tukiwa watu wa huruma, tuliwaambia wamefeli.

Hiyo ndiyo hesabu iliyokaribia kumponza.

Anwani za kompyuta alitufundisha yeye, na nadhani hakuna shule nyingine duniani walikofundishwa namna ile. Alianza kwa kumuuliza msichana mmoja wa Mji wa Kale nyumba yao ni namba ngapi. Hakujua. Akamuuliza wa pili. Hakujua. Mimi nikasema yetu ina namba, lakini ilipakwa chokaa Idi iliyopita.

"Na wageni hufikaje kwenu, Chiriku?"

"Huuliza, Mwalimu. Huambiwa pita muuza kahawa, kata kwa fundi makochi, mlango wenye paka mmoja."

"Paka akifa?"

"Tuna mwengine, Mwalimu."

Alingoja kicheko kiishe. "Kompyuta," akasema, "haina mdomo wa kuuliza, wala haina baraza la kuulizia. Wala paka haimjui. Ndiyo sababu kila moja yapewa namba yake. Namba ni mafungu manne, katikati nukta. Mafungu matatu ya mwanzo ni jina la mtaa, zote humu ndani zashiriki. Fungu la mwisho ni nyumba. Mtaa ukiwa sawa na nyumba ikiwa yako peke yako, utafikiwa. Nyumba moja mkikaa wawili, ni kama wake wenza chumba kimoja. Usingizi hapana."

Kisha akatuonyesha kubisha hodi. Aliandika neno fupi kwenye kioo cheusi, akafuatisha namba ya kompyuta ya pembeni, na mistari ikajitokeza mmoja mmoja: yule wa pembeni anaitikia. "Hiyo ni karibu," akasema. Akaandika namba isiyo na mwenyewe. Kioo kikangoja, kikasema hakuna jibu. "Na huyo hayupo. Au amelala. Au yupo lakini hataki kukuona. Vyovyote vile, mtu mwenye adabu hurudi kwao."

Jambo moja lilimuudhi. Ile mashine, ukiiachia, hubisha mara nne. Yeye alikuwa amelelewa kwamba hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu, geuka. Basi kila mara, baada ya mstari wa tatu, vidole vyake viliruka vikaikatiza. "Waliokutengeneza hawakukufunza," akaiambia. Nimemwona akifanya hivyo hata akiwa peke yake chumbani, hajui kama namchungulia.

Mashine kubwa ililetwa kwa mkokoteni kutoka Shimanzi. Kulikuwa na ofisi moja ya mawakala wa mizigo huko, karibu na maghala, iliyokuwa ikifungwa, na mmoja wa wakubwa wake alikuwa na binti shuleni kwetu. Ilikuwa mashine ya kutoa nakala, na ukiiunga kwa waya iliweza pia kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta yoyote. Wachukuzi waliiteremsha mkokotenini wakiimba, wakaitazama ngazi, wakaacha kuimba. Ndipo ikakaa chini, ofisini kwa Karani.

Karani alikuwa mtu wa Kaloleni, mrefu, mkimya, wa tai kila siku hata joto la Februari. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa na ofisini hakuwa tofauti. Nywele zake zilikuwa na mvi nyingi kuliko za Mwalimu, na bado kila asubuhi alimwamkia "Shikamoo, Mwalimu," naye akamwitikia "Marahaba, mwanangu," kisha wakaulizana habari za watu wa Kaloleni na Mji wa Kale, nyumba kwa nyumba, mpaka kengele ikalia.

Mwalimu Mkuu alifurahi sana kuiona mashine, akafurahi kupita kiasi. Siku hiyo hiyo alitoa ile mashine ya zamani, ya stensili na mkono wa kuzungusha, akaipa shule ya msingi ya jirani. Kwa hiyo mitihani ya majaribio ya kidato cha nne ingechapwa na mashine mpya, au isingechapwa kabisa. Kidato cha nne waliposikia hivyo, walianza kuiombea mashine dua mbaya.

Ilipounganishwa, haikuchapa kitu. Mwalimu akakaa nayo siku nzima, kesho yake akapanda darasani kwetu na jibu.

"Ile mashine haijui kuwa imehama," akasema. "Ina anwani ya kule ilikotoka. Mwili umekuja kwa mkokoteni, akili imebaki Shimanzi. Sisi twaiita huku, yenyewe yangoja kuitwa kule."

Mtu mwingine angecheka. Yeye alisema kama anayetoa habari za mgonjwa.

Darasa letu lilikuwa ghorofa ya juu, jirani na chumba cha kompyuta, na dirisha letu lilitazama veranda. Kusikiliza mazungumzo ya veranda ndilo somo ambalo sote tulipata alama nzuri. Hivyo ndivyo tulivyojua lililokuwa likimsubiri.

"Mwalimu," Mwalimu Mkuu alisema, "umri wako wa kustaafu umefika, na halmashauri wanakuja Alhamisi."

"Najua."

"Wakiona karatasi inatoka, nitapata la kusema. Nitawaomba wakuongeze mwaka, kwa ajili ya chumba hiki. Isipotoka, hicho chumba watampa mwalimu wa Fizikia. Na sitakuwa na la kusema."

Sauti ya Mwalimu ikatoka, ndogo kuliko tulivyoizoea: "Mwanangu wa kiume ashanitengea chumba Likoni. Kila Ijumaa aniuliza nahama lini. Namwambia nina kazi."

"Basi fanya itoke, Mwalimu."

Sisi ndani tulitazamana. Msichana mmoja, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa amechapwa na yeye, alisema, "Afadhali itoke." Hakuna aliyembishia. Adui uliyemzoea si kama adui mpya, na mwalimu wa Fizikia alikuwa hajui hata mzaha.

Kubadilisha anwani ya mashine ile kulihitaji watu wawili. Vibonyezo na kioo chake kidogo vilikuwa chini, kwa Karani. Orodha ya nyumba zilizo wazi ilikuwa juu, kichwani mwa Mwalimu. Na goti lake la kushoto lilikuwa na msimamo wake: ngazi, mara moja kwa siku, kushuka kwenda nyumbani, basi. Kwa hiyo alisimama kwenye ukuta wa veranda, akapaaza sauti uani, naye Karani akamsikiliza dirishani mwake. Mafungu matatu ya mtaa Karani aliyajua tayari. Lililobaki lilikuwa namba ya nyumba.

"Karani!"

"Naam, Mwalimu!"

"Nyumba yake ni hamsa wa ishirini!"

Kichwa cha Karani kikaingia ndani, kikatoka tena.

"Sawa, Mwalimu!"

"Umeitia?"

"Nimeitia, Mwalimu, kama ulivyosema!"

Mwalimu akarudi ndani, akabisha hodi. Hakuna jibu. Akabisha tena. Akatoka, akauliza kama waya umekazwa. Umekazwa. Kama taa ya kijani inawaka. Inawaka. Kama ameandika kama alivyomwambia. Vile vile, Mwalimu. Akarudi ndani. Sisi tulisikia vidole vyake kupitia ukutani: kubisha, kukatiza, kubisha, kukatiza. Siku ya pili vile vile, na siku ya tatu pia. Mabuyu yaliisha droo nzima. Alhamisi ikafika, na wazee wa halmashauri walikuwa ofisini chini wanakunywa chai na mahamri, macho yao kwenye mashine iliyokaa pale kama bibi harusi asiyetaka kusema ndiyo.

Mwalimu alikuwa na kipindi na sisi asubuhi hiyo, hakuja. Darasa bila mwalimu ni jukwaa, na jukwaa bila mimi ni mbao. Nikavaa sweta kichwani kuwa buibui, nikapanda mbele, nikatembea kwa visigino, ko, ko, ko, nikashika kiuno na goti.

"Karani! Nyumba yake ni hamsa wa ishirini!"

Wakacheka mpaka dawati la nyuma.

"Hodi, hamsa wa ishirini! Hodi! Hodi! Hapana, ya nne ni utovu wa adabu!"

Achieng', jirani yangu wa dawati, aliyehamia kutoka Kisumu muhula ule, alikuwa akicheka na wenzake huku hajui anachokicheka. Akainua mkono kana kwamba mimi ni mwalimu kweli. "Ngoja kwanza. Hiyo hamsa wa nini ni ngapi? Hamsini na mbili?"

Darasa zima likapasuka. Watoto wa pwani walipiga madawati. "Hamsini na mbili! Ati hamsini na mbili!"

Kisha kicheko kikakatika kutoka mlangoni kuja ndani, kama taa zinavyozimika mtaa kwa mtaa. Viatu vya kiume vilikuwa mlangoni. Sijui vilifikaje bila kulia.

Nilibaki na sweta kichwani. Mwalimu hakunitazama. Alimtazama Achieng'.

"Rudia ulivyosema, mwanangu."

"Nimesema... hamsini na mbili, Mwalimu. Samahani."

"Kwa nini hamsini na mbili?"

"Kwa sababu hamsa nimesikia ni tano. Halafu ishirini, inaanza na mbili." Achieng' alikuwa karibu kulia. "Tano, halafu mbili."

Mwalimu alisimama hapo. Midomo yake ilisogea kidogo, kama mtu anayejisikiliza mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kisha akageuka akaenda, na safari hii viatu vililia vyote.

Kupitia ukutani tukasikia vibonyezo vichache. Kisha sauti yake, si ya kupaaza: "Karibu. Karibu, mwanangu. Kumbe uko huku."

Mashine ilikuwa imekaa nyumba ya hamsini na mbili siku zote hizo, mlango wazi, taa inawaka, inangoja mtu abishe.

Kuihamishia ishirini na tano kungetaka Karani tena, na salamu tena, na chai ya wazee ilikuwa inaelekea mwisho. Mwalimu alifanya la mkato: akaiacha mashine palepale, akaiambia kompyuta yake iifuate huko huko. Baadaye alitueleza, "Mgeni akikosea mlango na keshavua viatu, hamwambii vaa toka. Mwamletea chai hapo hapo." Mpaka ninapoandika haya, iko hamsini na mbili.

Kisha akaandika mstari wa majaribio, akautuma.

Chini ofisini, mbele ya wazee wa halmashauri, mbele ya Mwalimu Mkuu na sahani ya mahamri, mashine ikakoroma, ikajinyoosha, ikatoa karatasi moja. Mwenyekiti akaichukua kwa mikono miwili. Akaisoma kwa sauti, maana alidhani ni makaribisho:

"Chiriku, nimekuona. Vua sweta kichwani, uje ofisini."

Nilipoingia ofisini, wazee wale walikuwa wanapangusa machozi. Mwenyekiti aliniuliza kama mimi ndiye Chiriku. Nikasema ndiyo, ila sweta nimeshavua. Mwalimu alikuwa ameshashuka, goti au si goti, amesimama karibu na mashine, mkono juu ya mgongo wake.

Adhabu yangu ilikuwa kuandika hesabu yote ya wazee, kutoka wahid mpaka mia, na kuisema mbele ya darasa bila kuiga mtu. Ndiyo maana naijua. Achieng' alipewa ubuyu uliobaki chini ya droo, mmoja, na kuambiwa aufyonze.

Lakini lililonikaa zaidi ni la Karani. Wazee walipokwenda, Mwalimu alimgeukia. Nilikuwa bado mlangoni, nimeambiwa nisubiri, na nilisubiri kwa masikio yote mawili.

"Karani, uliposikia hamsa wa ishirini, uliielewa?"

Karani alirekebisha tai. "Kusema kweli, Mwalimu, sikuielewa vizuri."

"Sasa mbona hukuniambia nirudie?"

"Nitakwambiaje urudie, Mwalimu? Mtu mzima kama wewe. Si ingekuwa kama kusema hujui kutamka?"

"Na mimi nilitaka kushuka nitazame ulichokiandika," akasema. "Siku ya kwanza ile ile. Goti ni sababu tu. Nikajiambia, nitamkaguaje Karani, mtu mzima kama yeye, kama mtoto wa darasa la kwanza?"

Wakatazamana. Heshima mbili zilikuwa zimekutana ngazini, kila moja ikisema tangulia wewe, na hakuna iliyopita kwa siku tatu. Karani ndiye aliyeanza kucheka. Sikujua kwamba huyu mtu ana meno.

Mitihani ilichapwa. Kidato cha nne walilia, lakini hiyo ni habari yao.

Na mwaka wa nyongeza? Mwalimu Mkuu aliomba. Halmashauri walisema wameona, wamefurahi, wanamshukuru sana. Wakasema pia kwamba, kwa kuwa sasa kila kitu kimeshakaa sawa na mashine inachapa, yeyote anaweza kuiendesha. Wakampa mpaka mwisho wa muhula, zawadi ya saa ya ukutani, na hotuba. Nilikuwa na maoni yangu juu ya hilo, na nilimwambia siku ya mwisho, nikiwa nimembebea saa hiyo mpaka lango la shule.

"Mwalimu, lau ungeiacha tu isichape. Ukawaambia bado watafuta. Wangekuhitaji."

Alisimama. Nilidhani atanipiga.

"Isingechapa, chumba angepewa yule kijana."

"Sasa imechapa, na kapewa yeye vile vile."

"Ndiyo," akasema. "Lakini kapewa chumba ambacho kila aliyemo aitika." Akavua ufunguo shingoni, akautazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona, akaingia tena ndani kuupeleka. Alikuwa ameusahau. Au labda hakuusahau.

Baada ya hapo sikumwona kwa muda. Mwezi wa Ramadhani mamangu alinituma nyumbani kwake na bakuli la tambi. Nikabisha hodi. Nikabisha ya pili, ya tatu. Jirani akachomoza kichwa dirishani juu, akaniambia keshahamia Likoni kwa mwanawe, tangu mwezi wa Ramadhani haujaandama. Tambi nilizila njiani baada ya adhana, zisiharibike.

Nimemwona wiki iliyopita, Feri, upande wetu wa kisiwani. Nilikuwa nanunua viazi vya karai. Watu walishuka kwa wingi, na katikati yao nikaona viatu vya kiume vya kamba. Alikuwa amepungua. Buibui halikusimama tena lenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakusikia. Nikamsogelea. "Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, Chiriku. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mamako?"

"Hajambo."

"Paka?"

"Amekufa, Mwalimu. Tuna mwengine."

Akatikisa kichwa kuridhika. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda Mji wa Kale, kununua ubani.

"Likoni hakuna ubani?"

"Upo." Alitazama nyuma, majini, kule alikotoka, kisha mbele. "Nimehamishwa kama ile mashine, mwanangu. Mkokoteni umenipeleka mwili tu. Asubuhi naamka, miguu yaja huku. Mke wa mwanangu aniita chumbani, nami nimo mumo humo, simsikii. Adhani namnunia. Na masikio nayo..." Hakuimaliza.

Nikampa kiazi kimoja. Akakipokea, akakitafuna, si kukifyonza.

"Mwalimu, nikija Likoni kukuamkia, nyumba yako ni namba ngapi?"

Macho yakamrudi kidogo. "Kutoka feri panda na barabara, pita msikiti, kata kushoto. Mlango wa bluu. Wameuandika namba, huko kila mlango una namba. Ni hamsa wa—" Akasita. Akanitazama kama alivyomtazama Achieng' siku ile. "Ishirini na tano. Waandika?"

"Nimeshika, Mwalimu. Hamsa wa ishirini."

"Sawasawa."

"Nitabisha mara tatu. Usipoitika nitarudi."

Watu walikuwa wakitupita huku na huku, mchuuzi mmoja akatuomba tusimame kando, tunamzibia wateja. Mwalimu hakusogea. Aliukamata mkono wangu, ule wenye viazi.

"Bisha ya nne," akasema.